Yaya Anatoka Lini?

Arua, 11 Februari 2024

Babu Romano,

Nakusalimu kutoka Arua, ambako vumbi la Februari limetufikia hadi ndani ya chai. Msalimu na Bibi. Sisi wazima. Mama yuko hospitali ya Kuluva wiki ya pili sasa, anamtunza dada Betty aliyejifungua mtoto wa kiume. Mtoto na mama yake wako salama, ila mtoto ana sauti ya mpiga mnada, na Mama anasema sauti hiyo ameirithi kwako. Baba yuko njiani na lori kuelekea Juba. Kama alipita kwako kabla ya kuvuka mpaka pale Oraba, basi habari zake unazijua kuliko sisi.

Utashangaa kupata barua. Ningepiga simu, lakini kwenye simu unaniuliza kama nimekula, nikisema ndiyo unasema "vizuri", halafu unakata. Kikakwa changu utakicheka, Kilugbara changu hukitaki, basi Kiswahili kitubebe.

Jambo lenyewe ni hili. Unajua kwamba jioni, nikishafunga cherehani, huwa naenda kwenye kikundi chetu cha maigizo. Mwaka huu mwalimu wetu, Okuonzi, amechagua mchezo wa kale uitwao Taji la Damoria. Ameugeuza kutoka Kiingereza ili Mlugbara, Mkakwa na ndugu zetu wa kutoka Sudan Kusini wote wausikie. Damoria ni malkia. Mume wake ameuawa vitani, mji umezingirwa, na jemadari wa maadui anaingia ukumbini kuchukua taji. Ameapa pia kumuua mtoto wa malkia, mrithi. Mwishoni malkia anavua taji mbele ya watu wote na kumkabidhi.

Malkia ni mimi, Babu. Nilipotajwa, mzee Sulemani anayetushonea mavazi akaweka mkasi chini. Akauliza, "Huyu ni wa Romano wa Ludara? Romano aliyecheka?"

Ndipo nikaambiwa. Kwamba zamani, ulipokuwa shule ya mapadri, ambako hapakuwa na msichana hata mmoja, mlicheza mchezo huu huu na malkia ulikuwa wewe. Kwamba ulipofika mahali pa kuvua taji, pale ambapo kila malkia hulia, wewe ulicheka. Sulemani alikuwa darasa la chini yako. Anasema nywele zilimsimama, na wazee wa mjini bado wanakizungumzia kicheko hicho.

Babu, umewahi kuwa malkia na hakuna mtu nyumbani aliyeniambia?

Nina maswali ya kujaza gunia, lakini nitaanza na moja. Kwa nini ulicheka?

Mjukuu wako,
Ritah


Ludara, 6 Machi 2024

Ritah mjukuu wangu,

Barua yako nilipewa siku ya soko, mbele ya watu, na wote wakanyamaza wakisubiri niseme nani amekufa. Siku hizi barua haiji kwa jambo lingine. Niliposema ni mjukuu anauliza habari za mchezo, walinitazama kama mtu anayeficha msiba.

Tumefurahi kwa mtoto wa Betty. Mwache alie, mapafu yanafunguka. Baba yako alipita, akala, akalala kidogo kitini, akaondoka. Malori pale Oraba yamepanga foleni ndefu, na yeye hana subira. Muhogo wetu uko ardhini bado, mzuri. Mvua hatujaiona.

Ndiyo, nilikuwa malkia. Bibi yako amesoma barua yako juu ya bega langu na amecheka hadi akakaa chini. Miaka yote hii ya ndoa, naye hakujua. Sasa ananiita Mtukufu nikiomba maji.

Unataka kujifunza, basi sikia. Kwanza, kutembea. Padri alinivika pazia la zamani la kanisani, zito kama ngozi mbichi ya ng'ombe, na kila nikipiga hatua nilikuwa nalikanyaga. Nikaenda kisimani kuwatazama wanawake wanaobeba maji. Mguu unatafuta njia wenyewe, shingo haina habari. Taji lichukulie kama mtungi uliojaa.

Pili, usimpigie jemadari kelele. Mji ni wako. Mgeni ndiye anayepaza sauti, kwa sababu hajui ukumbi unarudisha mwangwi kiasi gani.

Tatu, mikono. Wavulana tuliocheza wanawake tulikuwa tunapepea mikono kama kuku. Padri akaniuliza, "Mama yako nyumbani anapepea?" Nikaacha.

Sulemani mwambie bado nakumbuka jinsi alivyokuwa akisinzia kwenye misa. Karatasi imeisha.

Babu yako,
Romano Jada


Arua, 17 Machi 2024

Babu,

Nasalimu nyumba nzima, na Mtukufu pia. Mama amerudi kutoka Kuluva akiwa amenenepa. Hospitali alikaa kama mgeni, anasema, watu walikuwa wanamletea chakula kutoka pande zote. Mtoto ameitwa Romano. Sikutaka kukuandikia mapema, Betty alitaka akuambie mwenyewe, lakini amechelewa na mimi sina moyo wa kutunza habari.

Karatasi yako iliisha kabla ya swali langu kufika, Babu, ingawa nyuma yake palikuwa peupe.

Mambo mengine yote nimeyafuata. Nimebeba ndoo ya maji kichwani uani kwetu mpaka majirani wakauliza kama bomba limekatika. Okuonzi ameona tofauti. Lakini kicheko kimenishinda. Jumamosi tulifika pale mahali, nikashika taji, nikacheka. Okuonzi akapiga makofi kutusimamisha.

"Hiyo ni kukohoa," akasema. "Kicheko iko wapi?"

Nikajaribu tena. Akamwita Sulemani aje anionyeshe ulivyocheka. Mzee akasimama, akafumba macho, akatoa sauti moja nyembamba, fupi, kama mlango unaofunguliwa nusu. Nikamwiga, ikatoka sauti ya mtu anayemwiga Sulemani anayekuiga wewe. Betty Afedra, anayecheza binti wa jemadari, akasema kwa upole kwamba pengine niwaze jambo la kuchekesha. Niliwaza Bibi akikuita Mtukufu. Nilicheka kweli, na Okuonzi akasema hiyo ni harusi.

Tatizo ni kwamba amekwishawaambia watu wa redio. Wanatangaza asubuhi na jioni kwamba mwezi wa sita kicheko cha malkia kitasikika tena Arua, kutoka kwa damu ile ile. Amenivuta kando akaniambia, "Ritah, nakupenda, lakini mutu atakayelipa kiingilio atakuja kusikia hiyo. Ukishindwa kufikia Pasaka, nitampa Betty Afedra."

Sitaki kumwachia Betty huyo. Wala sitaki kucheka kitu nisichokijua. Nikisimama pale nikiwa na taji mikononi najiuliza: huyu mwanamke anaona nini cha kumchekesha? Mji wake unachukuliwa. Wewe ulikuwa kijana wa miaka kumi na sita hivi. Uliona nini ambacho mimi sikioni?

Nyuma ya karatasi hii pia peupe, unaweza kuitumia kunijibu.

Ritah


Ludara, 20 Aprili 2024

Ritah,

Mvua imekuja, tunapanda. Mgongo unauma lakini unatii. Nimetuma karanga na ufuta kidogo kwa ajili ya mama yule aliyeniletea jina langu. Mwambie Betty nimelia, na asimwambie mtu.

Kuhusu kicheko, uliza jambo lingine.

Babu


Arua, 28 Aprili 2024

Babu mpendwa,

Karanga zimefika, na Betty amemwambia kila mtu.

Pasaka imepita na bado mimi ndiye malkia, kwa sababu Betty Afedra alijaribu kicheko mbele ya Okuonzi, naye pia akakohoa. Kwa hiyo sasa tuko wawili tulioshindwa, na mwalimu ameamua kushindwa pamoja na yule anayejua maneno yote.

Umesema niulize jambo lingine. Basi hili hapa, na halikuhusu wewe, linahusu yaya.

Yaya wa mtoto wa malkia anachezwa na Rosa Kiden. Humjui. Alikuja kutoka Yei na watoto wake mwaka ule watu walipomiminika wakikimbia vita, na sasa anauza samaki wakavu sokoni karibu na pale ninaponunulia nyuzi. Si mtu wa maneno mengi, lakini swali moja likimwingia halitoki. Wiki iliyopita alisimama katikati ya zoezi.

"Mwalimu, mimi natoka lini?"

"Mwanzoni mwa onyesho," Okuonzi akasema. "Unachukua mtoto, unakwenda. Ndiyo jemadari anaingia."

"Sasa kama nimekwenda," Rosa akasema, "hapa katikati malkia anaongea na nani?"

Tulitazama. Kweli, Babu. Katika hotuba ile ndefu ya malkia, ambayo Okuonzi ameikata kwa sababu inachosha, kuna mahali taji linanasa kwenye nywele na malkia anasema, "Yaya, nyamaza, nitalitoa mwenyewe." Yaya yuko pale! Na kurasa mbili mbele mjumbe anaingia kusema yaya na mtoto wako ng'ambo ya mto. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba ametoka. Okuonzi anasema vitabu vya kale ndivyo vilivyo, havielezi nani anaingia wala nani anatoka, na wote hufanya kama yeye. Akataka tuendelee. Rosa hakuendelea. Alisimama na yule mtoto wetu wa matambara mgongoni, akauliza tena, kwa sauti ile ile, "Lakini mimi natoka lini?"

Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Ninyi mlifanyaje?

Ritah


Ludara, 9 Mei 2024

Ritah mjukuu wangu,

Bibi yako anakusalimu, mbuzi wamezaa, mahindi yamefika magotini. Hayo yatoshe, kwa maana nimeandika barua hii kichwani tangu jana na naogopa itanipotea.

Sisi yaya alitoka mwanzoni, kama kwenu. Nakumbuka sababu yake. Kijana aliyekuwa yaya ndiye aliyekuwa mjumbe, na alihitaji muda wa kuvua gauni na kuvaa kofia. Basi! Haikuwa na maana nyingine. Na yale maneno kwa yaya aliyekwisha kuondoka niliyasema kila zoezi, nikiuambia ukuta, na sikujiuliza hata siku moja. Huyo Rosa Kiden msalimu sana.

Sasa, kwa kuwa umeacha kuniuliza, nitakuambia.

Nilizaliwa ng'ambo, unajua. Vita ya kwanza ya Sudan ilipotufikia nilikuwa mtoto wa miaka kumi hivi. Tulitoka nyumbani watatu: mama yangu Elena, mimi, na kaka yangu Loku. Njia ya kuja huku ilikuwa ile ya Kaya, mpakani. Kabla ya mto palikuwa na kizuizi, na watu wamepanga mstari, na askari anawapekua. Tulipofika mbele, askari aliona bangili ya shaba mkononi mwa mama, akamwambia avue. Ilikuwa ya ujana wake, mkono ulikuwa umenenepa tangu hapo, nayo ikagoma. Mama akawa anaivuta, anaizungusha, anatema mate kidogo apate utelezi. Halafu akacheka. Alimtazama yule askari usoni na kutoa sauti ile ambayo Sulemani amekuonyesha. Askari naye akacheka, akaweka bunduki begani, akamsaidia kuvuta. Ikatoka. Tukapita.

Mimi nilikuwa nimeshika nguo yake. Nilikuwa nimeona watu wengi wakilia kwenye mstari ule, lakini aliyecheka ni mama peke yake. Nikajiambia kwamba yeye ni mkubwa kuliko askari wote wa dunia. Nilipopewa taji miaka michache baadaye, sikuhitaji kufikiri. Kicheko kilikuwa tayari.

Mama alikuja kuutazama mchezo. Alitembea tangu alfajiri kufika shuleni, akakaa na wazazi wengine. Watu walipiga makofi, mapadri walinibeba. Nikaenda kwake nikiwa bado na lile pazia, nikamwuliza kama amenisikia. Akanitengeneza kola, akasema, "Mimi sikuwa nacheka, mwanangu."

Nikamwuliza, "Ulikuwa unafanya nini?"

Akafungua kitambaa chake cha viazi. "Kula kwanza," akasema.

Hakusema zaidi siku hiyo, wala baadaye. Onyesho la pili nilijaribu kucheka, kicheko kikagoma. Nililia kama malkia wengine, na hakuna anayeukumbuka usiku huo. Watu wamenisifu maisha yangu yote kwa kitu ambacho sikukielewa, na ambacho mama mwenyewe alisema si kicheko. Ndiyo maana karatasi zangu huwa zinaisha. Sikukunyima, mjukuu wangu. Sina.

Romano


Arua, 15 Mei 2024

Babu,

Wote wazima. Baba amerudi, ameketi hapa anakula, amekataa kunipa nafasi mezani, kwa hiyo usishangae madoa.

Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikiwa nimesimama, mara ya pili nikiwa nimekaa, kisha nikaenda nayo kichwani kwenye zoezi. Nilimwomba Okuonzi jambo moja: turudishe hotuba yote, neno kwa neno, mara moja tu, na Rosa abaki jukwaani. Alilalamika. Akasema ni dakika nyingi za mwanamke anayeelezea sonara, maana ndivyo ilivyo, malkia anaeleza nani alilifua lile taji, dhahabu ilitoka mto gani, babu yake aliligonga wapi likapinda. "Nani anajali?" akauliza.

Nikasema, "Hilo ndilo ninalotaka kujua. Jemadari amesimama na upanga, mji unaungua, na yeye anaeleza habari za sonara. Kwa nini?"

Tukaanza. Acidri, anayecheza jemadari, alikuwa mbele yangu. Rosa nyuma yangu na mtoto mgongoni. Nikashika taji, nikaanza kuongea, na hapo nikaona kitu ambacho sikukiona miezi yote hii, kwa sababu siku zote nilikuwa najitazama mimi. Nilimtazama Acidri. Alikuwa anasikiliza. Macho yake yalikuwa kwenye taji. Nikajua kwamba nikinyamaza atainua macho, na akiinua macho atamwona Rosa.

Basi sikunyamaza. Taji likanasa, nikaliacha linase. Nikamwonyesha pale lilipopinda. Acidri akasogea kuona. Na nyuma yangu, Babu, nikasikia kanga ya Rosa ikianza kusogea.

Malkia hasikitiki, hachoki, hajisalimishi. Yuko kazini! Ana jambo moja tu la kufanya duniani, kuyashika macho ya mtu huyu mpaka mtoto afike mlangoni. Anaweza kulia baadaye. Anaweza hata kucheka, kama kucheka kutamshika.

Okuonzi alisema Rosa ametoka kama mwizi wa kuku, kila mtu amemwona, na kwamba tuna kazi kubwa kama tunataka hilo. Rosa akajibu kwamba hataki kutoka haraka, anataka kutoka polepole, kama mtu asiyekwenda popote. Mwalimu akakuna kichwa. Akauliza, "Na redio nitawaambia nini?" Lakini hakusema hapana.

Sasa nina swali, na safari hii sitakuomba unijibu kama hutaki. Mliondoka nyumbani watatu. Katika kisa chako mama yako anavuta bangili, wewe umeshika nguo yake, askari ameweka bunduki begani. Loku alikuwa wapi?

Ritah


Ludara, 2 Juni 2024

Ritah,

Nimechelewa. Si kwamba nilikuwa mgonjwa.

Loku alikuwa na miaka kumi na saba, mrefu kama mlingoti. Vijana wa umri wake walikuwa wanatolewa kwenye mstari na kupelekwa nyuma ya malori, na hawakurudi. Hilo nilikuwa nalijua hata wakati ule, kila mtoto alilijua. Alikuwa nyuma yetu na mkeka umekunjwa kichwani, umemfunika uso. Nakumbuka mkeka. Kisha nakumbuka ng'ambo ya mto, mimi na mama tunashuka, na Loku tayari ameketi kwenye jiwe ananawa miguu, mkeka uko kando yake.

Kati ya hayo mawili sina kitu. Nimekaa kwenye kiti changu siku nyingi nikitafuta. Ninaona bangili tu. Inazunguka, inagoma, mate ya mama yanang'aa juu ya shaba.

Nilipokuwa mkubwa nilimwuliza Loku tulivukaje. Alisema, "Tulipita tu." Alikufa akisema hivyo. Labda naye hakujua. Alikuwa ndani ya mkeka.

Siku ya mchezo nitakuja. Bibi yako anasema hawezi kuniacha niende mjini peke yangu nikiwa malkia.

Babu


Ludara, 30 Juni 2024

Ritah mjukuu wangu,

Tumefika salama. Basi liliharibika kidogo kabla ya Koboko, Bibi yako akapata marafiki wapya kando ya barabara, na mmoja ametuahidi mbegu za bamia. Mwambie Betty mtoto yule amenitazama kwa dharau, ni Romano kweli.

Ulinikasirikia kwamba baada ya onyesho nilikushika mkono tu na kwenda kulala. Niliona uso wako. Nisingeweza kusema pale, watu walikuwa wengi, na hata sasa sijui nianzie wapi. Nitasema nilichoona.

Nilikaa na Sulemani benchi la tatu. Nyuma yetu wazee waliokuja kwa ajili ya kicheko walikuwa wanahimizana kukaa kimya ili wakisikie. Ulipoingia nilitazama shingo yako, nikaridhika. Acidri ni jemadari mzuri, ingawa anajipenda. Halafu ukaweka mikono kwenye taji.

Lilipokataa kutoka, nilimgusa Sulemani nikamwambia, "Umeshona vibaya, limenasa kweli." Naye akasema, "Hapana, nilijaribu mwenyewe." Lakini nilimwona anatoka jasho. Ulikuwa unaongea habari za sonara na dhahabu na unalizungusha, na kuna unywele ulikuwa umejifunga pale, niliuona, nikawa natamani kupanda jukwaani nikufungulie. Jemadari alipokusogelea kukusaidia nilifurahi. Nilisema moyoni, afadhali, huyu kijana ana adabu. Likatoka. Ukamkabidhi kwa mikono miwili. Wala hukucheka.

Nyuma yangu mzee mmoja akanung'unika, "Kicheko iko wapi?" Ndipo mjumbe akaingia kusema mtoto yuko ng'ambo ya mto.

Nikatazama nyuma yako, na pale alipokuwa amesimama Rosa Kiden palikuwa patupu.

Ritah, nilijua. Uliniandikia yote, zoezi kwa zoezi. Kwenye basi nilimweleza Bibi yako, nikamwambia amtazame yaya, asikutazame wewe, aone anavyotoka. Nilikuja Arua kwa ajili hiyo moja. Na sikumwona. Nilikuwa natazama mikono yako.

Umri wangu wote nimejiona kama yule mtoto aliyeshika nguo ya mama yake na kuona kila kitu. Juzi, kwenye benchi lile, nimeelewa kwamba siku ile kizuizini nilikuwa natazama mahali pale pale alipotazama askari. Mama alitushika macho sote wawili, mimi na askari. Nadhani isingewezekana vingine. Kama mimi ningegeuka kumtazama Loku, na askari angegeuka.

Sijui kama ndivyo ilivyokuwa. Hakuna aliyebaki wa kuulizwa, na wewe umekisia tu kutoka kwenye mchezo wa watu wa mbali. Lakini nimelala vizuri tangu nirudi.

Jumapili nimewaita watoto wa Loku, na wa kwao, wote walioko Ludara na wale wa Oraba pia. Hawajui ni kwa nini, wanadhani nataka kugawa shamba. Bibi yako anatafuta masufuria ya kuazima. Nitawaambia habari ya bangili, na kwa kuwa sijui kusimulia bila kuonyesha, nitawaonyesha jinsi ulivyosimama, na jinsi taji lilivyokataa.

Babu yako,
Romano Jada